Siku ya Sita ya Mafungo

Bukavu, Jumamosi alasiri

Nsimire mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe, uipokee kutoka katika mkono huu, hata kama ukimaliza kusoma utatamani ingekujia kwa mkono mwingine.

Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Nimekaa kwenye meza uliyosomea tangu darasa la kwanza. Nyuma yangu lipo sanduku lako, na juu yake joho jeusi ambalo shangazi yako amelipiga pasi mara mbili. Kando yake, ndani ya blanketi la marehemu mama yako, limefungwa bango la ofisi yako: jina lako, na chini yake neno moja, Wakili. Kesho gari litakuchukua kwenda Kamituga, na ndani ya wiki hii utalitundika bango hilo kwenye mlango wako mwenyewe, katika mji ambao hakuna anayekujua.

Habari za maji ya kuchemsha, chandarua na watu wa kuwaepuka njiani, shangazi yako amekwisha kukueleza mbele yangu, tena zaidi ya mara moja. Sitazirudia. Mimi ninalo jambo moja, na nimelichelewesha miaka ishirini.

Nianze na siku ya kiapo chako. Unakumbuka tulivyokusanyika katika ukumbi wa parokia, na ulivyoomba watu wanyamaze. Ulikwenda hadi viti vya nyuma, ukamshika mkono Mama M'Birindwa, yule mama wa Mumosho uliyemwita Maman Viazi tangu utoto wako kwa sababu ya viazi vitamu alivyokuwa akituletea kila mavuno. Ulimsimamisha mbele ya watu wote, ukaninyoshea mkono mimi, ukasema: "Huyu mama, shamba yake ilichukuliwa juu juge alikula. Papa alipigana peke yake. Alishindwa, akaacha kazi kuliko kuchafua mikono. Mimi nimevaa hii toge juu yao wawili." Watu walipiga makofi mpaka mjomba wako akasimama na kusema kwamba juge yule, kama angali muzima, aanze kutafuta njia ya kukimbilia. Wakacheka. Mama M'Birindwa alicheza, akilia, amekushika kiuno. Mimi nilikuwa nimeinamia sahani yangu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, natenganisha vichwa na mikia kana kwamba ndiyo kazi niliyoitiwa pale.

Nsimire, yule juge, hakimu wa kesi ile, hakula rushwa wala kitu. Aliyemnyima mama huyo shamba lake ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo na bado nyumba imesimama. Basi nitaendelea.

Unajua kwamba nilitoka seminari kabla ya upadre, kwamba nilifundisha dini na Kilatini, na kwamba nilipofika miaka arobaini na miwili nikala kiapo cha défenseur, yule mtetezi wa mahakamani ambaye cheo chake ni chini ya wakili lakini ambaye watu wetu humwita Maître vilevile. Nilipangisha chumba cha juu pale Nyawera. Chini yangu alikuwa fundi cherehani, na kando yangu mpiga picha za vitambulisho. Nilikuwa na meza, viti viwili, msalaba ukutani na rafu ya vitabu ambayo nusu yake ilikuwa vitabu vya sala.

Miezi mitano ya kwanza hakuja mtu. Ninakuambia hili kwa sababu huenda nawe likakupata, na hakuna shule inayofundisha namna ya kukaa mbele ya kiti kitupu. Nilijifunza kutambua hatua za watu kwenye ngazi. Waliokwenda kupiga picha walipanda upesi, wakichekana, wakijitengeneza kola. Mtu anayemtafuta mtetezi hupanda polepole, husimama katikati, na wakati mwingine hushuka tena. Nilizisikiliza hatua hizo kutwa. Ningeweza kusoma sheria za ardhi, ningeweza kuandika mifano ya hoja, ningeweza hata kulala. Nilisikiliza ngazi.

Baada ya saa sita nilishuka kwenda kukaa kwenye benchi nje ya mahakama pamoja na wenzangu ambao nao hawakuwa na kazi. Pale ndipo moyo wangu ulipoharibika, na uliharibika kwa kicheko. Waliniita Abbé, yaani Padre, kwa sababu ya seminari. Mmoja angesema, "Abbé, utuombee na siye tupate bateja." Mwingine angejibu, "Bateja yake iko ku purgatoire, ingali mu njia." Nilicheka nao kwa wateja wangu waliokwama toharani. Kisha tulihesabu magari ya mawakili waliofanikiwa, tukaeleza kila gari lilipatikanaje, na kila maelezo yalikuwa ya uchafu. Kila siku niliporudi nyumbani nilikuwa na hakika zaidi kwamba mtu mwaminifu hawezi kufanya kazi katika mji huu. Nilidhani huko ni kuona mambo wazi. Sasa najua nilikuwa natayarisha kisingizio kabla ya kosa lenyewe. Nilikuwa nimekishona, nimekipiga pasi, kinaningoja nikivae.

Mwezi wa sita hatua zikapanda polepole, zikasimama katikati, kisha zikaendelea. Alikuwa Mama M'Birindwa. Mumewe alikuwa amefariki, na kaka wa mumewe alikuwa amemshitaki ili amwondoe shambani. Kwetu Bushi unajua mambo ya kalinzi: mtu hutoa ng'ombe kwa mwenye kilima, mbele ya mashahidi, na tangu siku hiyo shamba ni lake na la uzao wake. Hati hakuna. Hati ni macho ya wazee waliomwona ng'ombe akipita. Shemeji alidai ng'ombe yule alikuwa wa baba yao, na kwa hiyo shamba ni la ukoo. Mama alisema ng'ombe alikuwa wa mumewe, aliyemnunua kwa kibarua cha miaka mingi katika mashamba ya chai. Nao walikuwapo wazee wawili walioishika kamba ya ng'ombe huyo siku ile, wangali hai, na wana akili timamu.

Wiki iliyofuata aliwaleta wazee hao ofisini. Viti havikutosha, mimi nikasimama. Nikawauliza kuhusu ng'ombe. Wakabishana kwanza juu ya doa, kama lilikuwa kwenye paji la uso au kwenye bega. Kisha mmoja akasimulia jinsi ng'ombe alivyogoma kuvuka kijito, na mwenzake, badala ya kueleza, akainuka akawa ng'ombe mwenyewe: akakaza miguu, akavuta kichwa nyuma, akamtazama mwenye kamba kwa dharau. Mama M'Birindwa alicheka mpaka akafunika uso kwa kitenge. Nilicheka nami, nikaandika, nikauliza tena, nikaandika. Walipoondoka niligundua kwamba saa mbili zilikuwa zimepita na sikuwa nimesikiliza ngazi hata mara moja.

Siku hiyo nilikuwa mtetezi kweli, Nsimire. Sikuitambua. Nilifunga daftari nikajisemea kwamba ni kesi ndogo, ya kilima, ya mjane, haitanijengea jina, na nikashuka kwenda kwenye benchi.

Nimeifikiria alasiri hiyo kuliko alasiri nyingine yoyote ya maisha yangu. Kama kuna kitu ninachoweza kukupa kwa ajili ya mwaka wako wa kwanza, ni hiyo. Furaha ya kazi ilikuja, ikakaa chumbani mwangu saa mbili, nami nilikuwa nangoja furaha nyingine iliyovaa vizuri zaidi. Itakapokujia wewe, nakuomba uitambue, hata kama imekuja na watu waliotembea kwa miguu. Na siku itakapokosekana, usiende kuitafuta kwa wale wanaokaa kueleza kwa nini haiwezekani. Fungua faili lililo mezani, hata kama ni moja, hata kama umelisoma jana. Nimewaona waliodumu katika kazi ile. Hawakuwa na akili kunishinda. Walikuwa na tabia ya kurudi kwenye faili.

Kesi iliitwa mara mbili, na mara zote mbili niliomba isogezwe mbele. Sikuwa nimemaliza kuandika hoja wala kuorodhesha mashahidi, kwa kuwa nilikuwa nikizunguka kwa wafanyabiashara nikitafuta kesi kubwa. Hakimu alikuwa mgeni, ametoka mkoa wa mbali, hajui Mashi, lugha yetu. Mara ya pili alinitazama akasema, taratibu, kwamba ananipa siku moja tena na kwamba hiyo ni ya mwisho. Nikainama. Sikumwamini. Wewe umemaliza stage yako, mafunzo yako ya kazi, hapa hapa, unajua jinsi neno remise, yaani kuahirisha, linavyotamkwa mahakamani kama amina kanisani. Hakuna aliyewahi kusikia siku ya mwisho ikawa ya mwisho.

Nilipoagana na mama siku hiyo nilimpa agizo moja. Nilimwambia asijibu neno lolote mbele ya juge bila mimi, wala wazee wasijibu, kwa sababu maneno ya mtu asiyejua sheria yanaweza kugeuzwa. Agizo hilo ni sahihi, nawe umefundishwa hivyo. Alilishika vizuri sana.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Moyo wangu ulikuwa umechoka. Sikuona mteja mwingine anakuja. Nikaamua kwenda mafungo ya siku tisa, katika nyumba ya watawa kule juu ya mlima, nimwombe Mungu aifungue kazi yangu. Nilijua tarehe ya kesi. Usinipe udhuru wa kusahau, kwa maana sikusahau: karatasi ya mahakama ilikuwa ndani ya Biblia yangu, nikiitumia kuwekea alama. Iliangukia siku ya sita. Nikajiambia kwamba itasogezwa tu, kama kawaida, na kwamba anayetanguliza mambo ya Mungu hapungukiwi. Mlangoni pa ofisi nikabandika karatasi: Niko mafungoni. Tuombeane.

Siku ya sita, saa tatu asubuhi, saa ambayo mahakama hukaa, nilikuwa nimepiga magoti kwenye kikanisa. Nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa nikimwomba Mungu anipe wateja, na mteja aliyekwisha kunipa alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa mahakama akinitazamia mlangoni. Nami, Nsimire, nilisikia amani kubwa. Machozi yalinitoka kwa utamu wa amani ile. Nimetenda dhambi nyingine maishani, lakini hakuna ninayoiogopa kama amani hiyo.

Yaliyotokea mahakamani nilisimuliwa baadaye na karani. Mama alikuwa ameondoka Mumosho kabla ya mapambazuko, kwa miguu, pamoja na wale wazee wawili. Hakimu alipoita kesi na kuona sipo, aliliweka faili chini ya mafaili mengine yote ili kunipa muda. Aliita mara ya pili. Alimtuma karani ofisini kwangu Nyawera, na karani akarudi na karatasi yangu aliyoibandua mlangoni. Hakimu aliisoma, akaikunja, akaitia ndani ya faili. Kisha akamuuliza mama, kwa mkalimani, kama angependa kujieleza mwenyewe. Mama akatikisa kichwa. Akamuuliza kama wazee wale wana la kusema, naye yuko tayari kuwasikiliza. Mama akajibu: "Maître alituambia tusiseme kitu bila yeye." Hakimu alimuuliza tena. Akajibu vilevile. Wazee, waliokuwa wameshika kamba ya ng'ombe kwa mikono yao, walikaa kimya kwa heshima yangu. Jioni ya siku ya nane hukumu ikasomwa, na shamba likawa la shemeji.

Nilipotoka mafungoni nilimkuta mama kwenye ngazi zangu. Kabla sijafungua kinywa aliniuliza, "Maître, ulikuwa mugonjwa?" Ona, alikuwa amenitafutia udhuru njia yote na sasa ananipa. Ningeukubali ungekuwa uongo mdogo. Ningesema kweli ingekuwa aibu ya siku moja, nasi tulikuwa na siku za kukata rufaa, nyingi, na wazee walikuwa hai. Lakini rufaa ingenilazimu kueleza kwa maandishi kwa nini sikuwapo, na karatasi yangu ilikuwa ndani ya faili. Basi nikakivaa kile kisingizio kilichoshonwa kwenye benchi. Nikamwambia: "Mama, hata ningekuwapo. Juge alikula. Na kule juu kwenye rufaa wanakula vilevile. Tumwachie Mungu."

Akanishukuru. Alinishukuru kwa kuwa nimemwambia ukweli.

Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na kila nifikapo kwenye amri ya kutolitaja bure jina la Mungu, watoto hudhani inahusu matusi. Sijawahi kuwaeleza ninachokijua kuihusu amri hiyo.

Mwaka haukwisha nikafunga ofisi. Nilisema siwezi kufanya kazi na wezi. Mji wetu humpenda mtu wa namna hiyo. Parokia ikanipa kazi ya ukarani wa shule, watu wakanipisha kwenye mabenchi ya mbele, na ulipokuwa na miaka tisa ukaniuliza kwa nini niliacha kuvaa nguo nyeusi. Nikakusimulia. Ulinikumbatia. Tangu siku hiyo ulikuwa ukiniomba hadithi hiyo kama watoto wengine wanavyoomba za sungura, nami nilikupa, na kila mara hakimu alizidi kunenepa.

Mama yako aliniuliza mara moja tu. Alikuwa akichambua maharagwe. Akasema, "Papa Nsimire, nani alikuambia juge alikula?" Nikajibu kwamba watu wanajua. "Watu gani?" Nikainama kuokota maharagwe yaliyoanguka. Akaendelea kuchambua maharagwe. Hakuniuliza tena mpaka anafariki, lakini kila ulipoomba hadithi ile, alitoka nje kuanua nguo, hata siku ambazo kamba haikuwa na nguo.

Na kuna mwaka nilipoungama kwa padre mzee, yule aliyekubatiza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kitubio kimoja: niende kwa mama huyo nikamwambie. Nikaahidi. Kuanzia mwezi uliofuata nikawa naungama kwa padre mwingine. Yule mzee alikufa akiamini kwamba nilikwenda.

Wakati wote huo Mama M'Birindwa aliendelea kuleta viazi. Alikuwa akilima kipande cha kukodi karibu na kwa kaka yake, akashuka na kikapu kila mavuno, akasema ni vya Maître aliyemtetea. Tulivila. Wewe umekua kwavyo. Mara nyingi nilitamani siku moja aje na matusi badala ya kikapu.

Siku ya kiapo chako nilielewa kwamba uongo wangu umevaa joho na kuapa mbele ya mahakama, bila wewe kujua. Utakwenda kusimama mbele ya mahakimu, na siku ya kwanza utakayoshindwa, kile nilichokufundisha kitakuwa tayari mkononi mwako: amekula. Labda itakuwa kweli. Mambo hayo yapo, nawe si mtoto. Lakini nilikuzoeza kulisema kabla ya kutazama, na anayelisema kabla ya kutazama hajiulizi tena yeye mwenyewe alikuwa wapi saa tatu asubuhi. Ndivyo kazi yangu ilivyokufa, wala hakuna aliyeiua.

Sikuambii usisali. Sali, mwanangu, asubuhi na jioni, kama mama yako alivyokuzoeza. Lakini siku utakayoona sala inakupa sababu ya kutofika mahali unaposubiriwa, inuka uende, naye Mungu atakukuta huko.

Jumanne iliyopita nilipanda pikipiki hadi Mumosho. Nilikuambia nakwenda kumtazama mgonjwa. Huo nao uongeze kwenye hesabu yangu.

Nilimkuta Mama M'Birindwa uani, anaosha jembe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakuniambia nikae. Nilieleza karatasi ndani ya Biblia, kikanisa, karani, karatasi ya mlangoni. Hakunikatiza. Jembe lilipokwisha kutakata aliendelea kuliosha.

Kisha akasema: "Ile siku, tulipokusubiri, nilifikiri umekufa. Nililia juu yako njia yote mpaka nyumbani. Bazee ndio walinitegemeza."

Alisuuza jembe mara ya mwisho.

"Na ule juge?"

"Hakula kitu, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Alikusubiri kuliko mimi."

Aliliweka jembe ukutani. "Mimi nilimulaani, Papa. Kila siku niliyoenda kulima shamba ya wengine, nilitaja jina yake. Niliposikia amekufa, niliimba." Akanitazama, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita Papa na siyo Maître. "Umenipatisha dhambi na mutu sijui hata sura yake vizuri."

Nilimwomba msamaha. Aliangalia upande wa kilima lilipo shamba lake la zamani, ambalo watoto wa shemeji wameligawa na kulijengea. Hakusema amenisamehe. Sitaki nikudanganye hapa pia. Alisema: "Uombeshe misa. Siyo yangu. Ya ule juge. Na jina yake isomwe mbele ya batu." Nikakubali. Nilipogeuka kuondoka akaniita. "Mutoto anajua?"

"Bado."

"Asiende vile."

Safari hii hakunipa viazi. Nilirudi na mikono mitupu kutoka kwake kwa mara ya kwanza, na njiani nilisikia uzito umepungua, kisha nikaona haya kwa kusikia hivyo, kwa maana nilichokuwa nimekitua nilikuwa nimemtwisha yeye.

Sijui utafanya nini na barua hii. Nimejiuliza kama ni ukatili kukupa leo, saa chache kabla ya safari, wakati unahitaji moyo mwepesi. Shangazi yako, ambaye nilimweleza jana, anasema ningeacha ukae kwanza, upate wateja, ndipo nikuandikie. Ni shauri la upendo, na ndilo nililojipa mwenyewe miaka ishirini: kungoja wakati mwema. Tena naona hivi. Ukitundika bango lile juu ya hadithi yangu, siku itakapobomoka, na ingebomoka, ungedhani kazi yako yote imebomoka nayo. Heri ibomoke leo, ungali na sanduku mkononi, uone ni nini kimebaki. Mimi nadhani kimebaki kingi. Hakimu niliyekusimulia hakuwapo. Mama M'Birindwa yupo. Wazee wawili waliotembea toka Mumosho wakanyamazishwa na mtetezi wao mwenyewe walikuwapo. Ikiwa ulivaa joho kwa ajili ya watu wa namna hiyo, huna haja ya kulivua. Wapo Kamituga pia, na mmoja wao pengine amekwisha kusikia kwamba kuna wakili mpya anakuja, naye anajiuliza kama atathubutu kumaliza ngazi.

Mwache apande. Mpe kiti. Muulize habari za ng'ombe wake, na usisikilize kitu kingine mpaka amalize.

Misa ni kesho, ile ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu. Gari lako litaondoka saa mbili, na parokia iko njiani. Mama M'Birindwa atalala leo mtaa wa Panzi kwa binti wa kaka yake ili asichelewe. Padre atasoma jina la hakimu. Sikuliandika humu, kwa kuwa nimelichafua vya kutosha kwa kinywa changu. Utalisikia mara ya kwanza katika mdomo safi.

Barua hii naiweka juu ya joho lako, kisha nakwenda kwa shangazi yako hadi kesho, ili usilazimike kunitazama usoni kabla hujataka. Ukienda moja kwa moja kwenye gari, nitaelewa, na baraka yangu utakuwa nayo kama baraka yangu ina kitu. Ukipita kanisani, utatukuta benchi la nyuma upande wa kushoto, mimi na yeye, na kati yetu nafasi ya mtu mmoja ambayo hatukupatana kuiacha lakini najua itakuwapo.

Nitakuwa nimepiga magoti. Safari hii sitafumba macho. Nitakuwa natazama mlango.

Baba yako